Chakula kikisakama kwenye umio: dawa inafika wapi na inaishia wapi

Swali: Mume wangu ana umri wa miaka 36. Katika miaka miwili iliyopita nyama imemkwama kifuani mara tatu. Mara mbili ilishuka yenyewe baada ya saa moja au mbili. Mara ya tatu tulikwenda hospitali, akachomwa sindano ya glukagoni, na baada ya dakika arobaini hivi akasema imeshuka. Tukaruhusiwa kurudi nyumbani usiku uleule bila kipimo kingine. Sasa anataka dawa hiyo iwepo nyumbani. Shemeji yangu anasema soda inatosha, na rafiki mmoja ametushauri tutumie unga wa kulainishia nyama. Alikuwa na pumu utotoni, ingawa siku hizi haimsumbui sana. Daktari, dawa ipi ni ya kuaminika?

Jibu: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe kisha nieleze sababu zake. Hakuna dawa ya kuweka nyumbani ambayo ningeithubutu kuiita ya kuaminika kwa kuondoa chakula kilichosakama kwenye umio, na hata ile sindano aliyochomwa hospitalini haijathibitika kuwa inashinda kusubiri. Unga wa kulainishia nyama usiutumie kamwe. Hata hivyo dawa zinazomfaa mumeo huenda zipo, ila kazi yake ni kutibu kile kinachoufanya umio wake ushike chakula, na kazi hiyo haijaanza kwa sababu kipimo kinachoonyesha tatizo hakijafanyika.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtu aliyepaliwa ni yule ambaye chakula kimeingia au kimeziba njia ya hewa: anashindwa kupumua, kusema au kukohoa kwa nguvu, na asiposaidiwa papo hapo kwa kupigwa mgongoni kati ya mabega na kubanwa tumbo kuelekea juu, atapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Mumeo hakupaliwa. Yeye alikuwa akipumua na kuzungumza, lakini tonge lilikuwa limesimama ndani ya umio, yaani mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 unaotoka kooni hadi tumboni. Mtu wa namna hii ana muda, ila muda huo si mrefu kama wengi wanavyodhani, na urefu wake unategemea swali moja ambalo mimi humwuliza kila mgonjwa kabla ya jingine lolote: je, unaweza kumeza mate yako?

Mwili hutengeneza mate kiasi kinachokaribia lita moja kwa siku, na mtu hayahisi kwa sababu huyameza bila kufikiri. Umio ukizibwa kabisa, mate hayo hayana pa kwenda. Utamwona mgonjwa amekaa ameinama mbele, ameshika beseni au kitambaa, anatema kila baada ya sekunde chache, na akijaribu kunywa funda moja la maji linarudi lilivyo. Mtu wa hali hiyo anahitaji kipimo cha kamera, yaani endoskopi, kwa dharura. Mwongozo wa chama cha madaktari wa endoskopi barani Ulaya unataka ifanyike ikiwezekana ndani ya saa 2, na isizidi saa 6. Kama mate na maji yanapita ila nyama bado imekaa, mwongozo huohuo unatoa nafasi ya hadi saa 24. Sababu ya haraka hiyo ni kwamba tonge linakandamiza ukuta wa umio na kuunyima damu, ukuta unavimba, unachubuka, na kadiri saa zinavyopita hatari ya kutoboka inaongezeka. Pia mate yaliyojaa juu ya tonge yanaweza kumwagikia mapafuni, hasa mtu akilala.

Sasa tuje kwenye ile sindano. Glukagoni ni homoni inayotengenezwa na kongosho, na watu wengi wanaijua kama dawa ya kupandisha sukari iliyoshuka ghafla. Ikipitishwa kwenye mshipa wa damu ina tabia nyingine: hulegeza misuli laini, pamoja na ule msuli wa mviringo unaofunga mlango kati ya umio na tumbo. Kutokana na tabia hiyo, tangu miaka ya 1970 madaktari wamekuwa wakiitumia kwa matumaini kwamba mlango ukilegea tonge litateleza. Wazo lenyewe lina mantiki, lakini lina mapengo matatu makubwa. Sehemu ya juu ya umio imejengwa kwa misuli ya aina nyingine, ile tunayoiendesha kwa hiari, kwa hiyo tonge lililosimama huko halipati msaada wowote. Pengo la pili ni kwamba watu wengi wanaokwamwa na chakula wana kovu, pete ya ngozi laini ya ndani, au ukuta uliokakamaa, na homoni ya kulegeza misuli haipanui kovu. La tatu ni kwamba dawa hii husababisha kichefuchefu na kutapika kwa baadhi ya watu, na kutapika kwa nguvu huku njia imezibwa kunaweza kuuchana umio.

Utaniuliza: mbona ilimsaidia? Hapa ndipo penye fundisho kubwa la jambo hili zima, na naomba unisome kwa utulivu. Glukagoni ikidungwa mshipani huanza kazi ndani ya dakika moja au mbili, na ulegezaji wake huisha kwa kawaida kabla ya nusu saa. Nyama ya mumeo ilishuka baada ya dakika arobaini. Mara mbili za mwanzo ilishuka yenyewe baada ya saa moja au mbili, bila sindano. Ukiziweka mara hizo tatu pamoja, utaona kwamba umio wake, ukiachwa, hupitisha tonge ndani ya muda unaofanana, na uwezekano mkubwa ni kwamba sindano ilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na muda. Ndivyo ilivyotokea pia kwenye utafiti. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliowagawa wagonjwa makundi mawili kwa nasibu, kundi moja likapewa glukagoni pamoja na diazepamu, dawa ya kutuliza, na jingine likapewa dawa bandia isiyo na kitu ndani yake, na tofauti kati ya makundi hayo haikuonekana. Tafiti zilizojumlishwa baadaye zimeelekea upande huohuo, na zikaongeza kwamba waliopewa glukagoni hutapika zaidi.

Habari ya soda imepimwa pia, tena kwa uangalifu ambao ningependa kila ushauri wa nyumbani upewe. Uholanzi, katika vyumba vya dharura vya hospitali tano, watu wazima 51 waliokwamwa na chakula waligawanywa kwa nasibu: wengine wakanywa kola kwa mafunda madogo madogo, wengine wakasubiri tu. Matokeo yalichapishwa Desemba 2023. Waliopata nafuu katika kundi la kola walikuwa 17 kati ya 28, na katika kundi la kusubiri walikuwa 14 kati ya 23, na hesabu zote mbili zinatoa asilimia 61. Hakuna aliyepata madhara makubwa kwa kunywa kola. Shemeji yako, basi, hajakosea kwa kusema kwamba watu hunywa soda na chakula kikashuka. Lililo muhimu ni kwamba kingeshuka vilevile bila soda. Mimi simkatazi mtu mzima anayemeza mate vizuri kunywa mafunda machache ya maji au ya kinywaji chenye gesi huku akijiandaa kwenda hospitali. Asiyeweza kumeza mate ninamkataza kabisa, kwa sababu kila anachokinywa kinaongeza kimo cha maji juu ya tonge na kukisogeza karibu na mapafu.

Dawa nyingine utakazozisikia nitazipitia kwa ufupi, kwa kuwa hazina mengi ya kusimulia. Haiosini, ile inayotolewa kwa msokoto wa tumbo, hutolewa sana katika baadhi ya hospitali, lakini ushahidi kwamba inaondoa tonge ni hafifu, na haifai kwa mwenye aina fulani ya presha ya macho wala mwenye mapigo ya moyo yanayokwenda mbio. Naitrogliserini na nifedipini hulegeza misuli laini na papo hapo hushusha presha ya damu, pengine hadi mtu akaanguka. Diazepamu hutuliza hofu, na hofu katika hali hii ni ya kweli kabisa, ila pia humfanya mtu asinzie wakati ambao anahitaji kuwa macho ili ateme mate badala ya kuyavuta mapafuni. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ningependa iwe kwenye kabati lenu kwa ajili ya kazi hii.

Kuhusu unga wa kulainishia nyama, naomba nisieleweke vibaya kwa namna yoyote. Unga huo aghalabu una papaini, kimeng'enya kinachotoka kwenye utomvu wa papai, ambacho hukata protini za nyama vipande vipande. Kuna wakati madaktari wenyewe waliutumia kwa wagonjwa, nao waliacha baada ya kuona matokeo. Papaini haijui kutofautisha nyama iliyokaangwa na nyama ya ukuta wa umio, na ukuta ule, ambao tayari umekandamizwa na kukosa damu, ndio unaolainika kwa urahisi zaidi. Yameripotiwa madhara haya: umio kutoboka, usaha kuingia kwenye uwazi wa katikati ya kifua, mapafu kuungua pale unga ulipoingia njia ya hewa, na vifo. Rafiki yenu alitaka kusaidia, sina shaka. Mwambieni tu kwamba ushauri huo asimpe mtu mwingine.

Vilevile msimpe kidonge chochote cha kumeza wakati tonge limekaa, hata cha maumivu, kwa maana hakitapita. Kitasimama juu ya nyama na kuyeyuka hapo hapo, na baadhi ya vidonge huunguza umio vikikaa mahali pamoja. Msimlazimishe kutapika. Msimsukumie tonge jingine la mkate au chakula kingine ili "lisukume" la kwanza, kwani kwa kawaida mnakuwa mmeongeza urefu wa kizuizi. Akae wima, ateme mate, apelekwe hospitali yenye endoskopi. Na kama kilichokwama kina mfupa, mwiba au ncha kali, au kama ni mtoto aliyemeza betri ndogo ya mviringo, habari ya kusubiri haipo kabisa. Betri hiyo inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Maumivu makali ya kifua au mgongo, homa, damu, au shingo kuvimba na kutoa mlio wa kukwaruza ngozi inapobonyezwa, ni dalili kwamba huenda umio umetoboka, na hapo mtu hapaswi hata kunywa maji.

Watu wengi huogopa endoskopi kuliko tonge lenyewe, kwa hiyo nieleze inavyokuwa. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi, au hulazwa usingizi kamili na kuwekewa mpira wa kupumulia iwapo umio umejaa mate na kuna hofu ya kumwagikia mapafuni. Daktari huingiza kamera nyembamba yenye mwanga kupitia mdomoni. Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni dimbwi la mate yenye povu, ambalo hufyonzwa taratibu, kisha chini yake nyuzi za nyama zilizofumbatwa na ukuta mwekundu uliovimba. Kama tonge limelegea, husukumwa polepole kuingia tumboni. Kama ni gumu, hukatwa au hutolewa kwa wavu mdogo au koleo. Njia hizi hufanikiwa kwa wagonjwa wengi mno. Pia kamera inaonyesha kwa nini tonge lilisimama pale, jambo ambalo sindano haiwezi kulifanya hata inapobahatika.

Kwa hiyo lililonisikitisha katika simulizi yako ni kwamba mtu mwenye umri wa miaka 36 alikwamwa na nyama kwa mara ya tatu akarudishwa nyumbani bila miadi ya kamera. Umio wenye afya haushiki nyama iliyotafunwa. Ukishika mara tatu, una sababu, na kwa mwanamume wa umri wake aliyewahi kuwa na pumu, sababu ninayoifikiria kwanza ni uvimbe wa mzio wa umio, unaoitwa esofajaitisi ya eosinofili. Eosinofili ni aina ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na mzio. Kwa kawaida hazikai kwenye umio, lakini kwa watu hawa hujazana humo kwa sababu ya vyakula fulani, huwasha uvimbe wa muda mrefu, na baada ya miaka huacha makovu yanayoufanya umio uwe mwembamba na mgumu. Huonekana zaidi kwa wanaume, na mara nyingi huambatana na pumu, mafua ya mzio au ukurutu wa ngozi.

Mwangalie mumeo mezani, maana wewe utaona asichokiona yeye. Je, anakata nyama vipande vidogo mno? Anateremsha karibu kila tonge kwa funda la maji? Ni wa mwisho kumaliza kula siku zote, na mkate mkavu au nyama nzito anaviepuka kwa kisingizio kwamba hana hamu? Wagonjwa wengi wa aina hii huniambia hawana shida ya kumeza, na wanasema kweli kama wanavyoijua, kwa kuwa wameshaizunguka shida kwa miaka hadi imekuwa tabia yao ya kula. Mke akiwa amekaa pembeni ndiye hutikisa kichwa.

Ugonjwa huu haugunduliwi kwa macho peke yake. Kamera inaweza kuonyesha pete zilizopangana, michirizi ya wima na madoa meupe, lakini wakati mwingine umio huonekana kama wa kawaida. Ndiyo maana daktari huchukua vinyama vidogo visivyopungua 6 kutoka sehemu ya juu na ya chini ya umio, navyo vikapimwa kwa darubini. Eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la darubini yenye ukuzaji mkubwa huthibitisha, pamoja na dalili zake. Mwombeni daktari hili waziwazi: vipimo vya vinyama vichukuliwe hata kama umio utaonekana mzima.

Ugonjwa ukithibitishwa, hapo ndipo dawa zinapopata kazi yake halisi. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli, kwa dozi kamili na kwa wiki 8 hadi 12, hutuliza uvimbe kwa sehemu nzuri ya wagonjwa, hata wasio na kiungulia. Njia nyingine ni steroidi ya kumeza, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, inayofanya kazi juu ya ukuta wa umio, hasa budesonidi. Mgonjwa huimeza polepole, kisha hali chakula wala hanywi kitu kwa nusu saa ili dawa ipate kushika, na tatizo lake la kawaida ni fangasi wa mdomoni au wa umio, ambao hutibika. Wapo wanaochagua kuacha vyakula vinavyowasha mzio, wakianza na maziwa na ngano, chini ya usimamizi ili wasidhoofike. Kwa walioshindikana kwa njia hizo ipo dupilumabu, sindano iliyoidhinishwa nchini Marekani kwa ugonjwa huu mwezi Mei 2022. Umio uliokwisha kuwa mwembamba kwa makovu hupanuliwa kwa vifaa maalumu wakati wa endoskopi. Karibu zote hizi zinahitaji kuendelezwa, kwa sababu mtu akiacha matibabu kwa kujiona amepona, uvimbe hurudi kwa wengi.

Inawezekana pia nimekosea katika dhana yangu. Huenda mumeo ana pete nyembamba sehemu ya chini ya umio, ile inayoitwa pete ya Schatzki, ambayo huanza kukamata nyama hasa upenyo ukiwa chini ya milimita 13, na kuipanua kunatosha. Huenda ni kovu la asidi, au misuli isiyofunguka inavyopaswa. Saratani katika umri wake si ya kwanza kufikiriwa, lakini akiwa anapungua uzito, au kumeza kunazidi kuwa kugumu wiki hadi wiki, miadi isogezwe mbele.

Hadi siku ya kipimo, ale nyama iliyopikwa ikalainika sana na kukatwa vipande vidogo, atafune bila kuzungumza, au bora aiache kabisa kwa muda huo. Na jambo moja la mwisho, ambalo watu hulikosea kwa nia njema: asianze omeprazoli wala steroidi kwa kujinunulia kabla ya vinyama kuchukuliwa, kwa sababu wiki chache za dawa hizo zinaweza kuziondoa zile eosinofili na majibu yakatoka safi ilhali ugonjwa upo. Kama tayari anatumia dawa ya asidi, asiiache ghafla bila ushauri. Amwambie daktari jina la dawa, dozi, na tarehe aliyoanza, na hayo yaandikwe kwenye fomu inayokwenda maabara pamoja na vinyama.